Shajara ya Mradi: Ufunguo wa Kutambua Nzi-jambazi wa Nusufamilia ya Laphriinae Nchini Uganda

Lengo

Mradi huu unaandaa ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa hatua za kutazama alama za mwili hadi kulifikia jina la mdudu, kwa Kiswahili, wa nzi-jambazi wa nusufamilia ya Laphriinae wanaopatikana Uganda. Tunakusudia mwanafunzi wa chuo, afisa misitu au mfugaji nyuki mwenye lenzi ya mkono inayokuza mara kumi aweze kuutumia akiwa porini, bila kungoja hadubini wala mtaalamu wa kutoka mbali. Nzi-jambazi, yaani familia ya Asilidae, wana spishi zaidi ya 7,000 zilizokwisha kuelezwa duniani, na katika uainishaji uliotolewa na Torsten Dikow mwaka 2009 wamegawanywa katika nusufamilia 14. Tumewachagua Laphriinae kwa sababu ndio wanaowachanganya watu zaidi katika misitu yetu: wengi wao ni wanene, wana manyoya mazito, na mtu akiwaona wametua huwadhania nyuki. Msimamo wetu tangu mwanzo, ambao kila ukurasa wa ufunguo utaufuata, ni kwamba rangi na manyoya si alama za kutegemewa, na kwamba utambuzi wa kweli uko kwenye kipapasio, palpi za mdomo na mishipa ya bawa.

Februari: maandalizi

Vibali vya Mamlaka ya Taifa ya Misitu na vya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia vimekwisha kutolewa, kwa hiyo kazi ya kukusanya itaanza mara mvua za Machi zitakapokolea. Vifaa vyetu ni vya kawaida: nyavu zenye mipini mirefu, chupa za kuulia zenye etili asetati, pini zisizoshika kutu, alkoholi kwa vielelezo vitakavyochunguzwa vinasaba, na vidonge vitupu vya jelatini. Hivi vidonge vina kazi maalumu. Nzi-jambazi akinaswa akiwa amekumbatia windo lake, windo huwekwa ndani ya kidonge, na kidonge huchomwa kwenye pini ileile inayomshikilia mwindaji. Wakitenganishwa, hakuna tena njia ya kujua nani alimla nani, na habari hiyo ndiyo ambayo mkulima na mfugaji nyuki huiulizia kwanza.

Kabla hatujagusa nusufamilia, kila mshiriki sharti awe na uhakika kwamba alichokishika ni nzi-jambazi. Alama kuu ni bonde la utosini. Ukimtazama mdudu uso kwa uso, utaona macho mawili makubwa yameinuka pande zote mbili na utosi umedidimia katikati yake, na ndani ya bonde hilo kuna kilima kidogo kinachobeba vijicho vitatu. Chini ya bonde, usoni, kuna kishada cha ndevu ngumu ambazo humkinga macho na uso pindi windo linapofurukuta, na chini ya ndevu unachomoza mdomo mgumu wa kudungia. Familia jirani ya Mydidae nayo ina utosi uliodidimia, lakini vipapasio vyao kwa kawaida huishia kwa rungu refu, na hawana vijicho vitatu vilivyokamilika. Nzi wengine wanaofanana na nyuki, kama wale wanaoelea hewani juu ya maua, hawana bonde hilo kabisa. Tumewataka washiriki wote watazame utosi kwanza, hata pale wanapoamini kwamba wamekwisha kumjua mdudu.

Machi: masanduku ya zamani

Tumeruhusiwa kupitia masanduku ya mkusanyo mmoja wa wadudu wa miaka mingi hapa Kampala. Katika sanduku la nyuki wakubwa wanaotoboa mbao, wale wa jenasi Xylocopa, tumekuta nzi kadhaa wamepangwa katikati ya nyuki, wakiwa na pini na lebo kama wenzao. Wote ni wa jenasi Hyperechia, ambayo ni ya Laphriinae na inajulikana kwa kuwaiga nyuki hao. Waliowapanga walitazama umbo na manyoya, na kwa macho matupu ufanano ni mkubwa kweli: ukubwa uleule, weusi uleule, nywele zilezile nene za miguuni.

Kuwatenganisha kulichukua muda mfupi. Nyuki ana mabawa manne, lakini bawa la nyuma limeungana na la mbele kwa ndoano ndogo sana, kiasi kwamba katika kielelezo kikavu mabawa mawili huonekana kuwa moja. Kwa hiyo kuhesabu mabawa pekee hakutoshi kwa asiyezoea. Kipapasio hakidanganyi. Cha nyuki kina pingili nyingi, 12 kwa jike na 13 kwa dume, na kimepinda kama kiwiko. Cha nzi huyu kina sehemu tatu tu, na kimeelekea mbele. Halafu, nyuma ya bawa la nzi, ukiyapenua manyoya kwa ncha ya pini, utaona kirungu kidogo kila upande, ambacho ndicho kilichobaki mahali pa bawa la pili na humsaidia kusawazisha mwendo anaporuka.

Vielelezo hivyo tumevipiga picha na kuviacha pale pale vilipokuwa, ila tumeomba viwekewe lebo ya pili chini ya ile ya kwanza. Lebo ya zamani haiondolewi kamwe, hata ikiwa na jina lisilo sahihi, kwani mahali na tarehe zilizoandikwa juu yake ndizo uhai wa kielelezo.

Aprili: Mabira

Msitu wa Mabira, ulio kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, una eneo la kilomita za mraba zipatazo 300, na ndio tuliouchagua kuwa kituo kikuu cha mradi. Una magogo mengi yaliyoanguka, kingo nyingi zinazopata jua, na vijiji vinavyoupakana, ambamo mbao kavu za mapaa na nguzo huwapa nyuki wa Xylocopa makao. Laphriinae wa msituni hupenda mahali ambapo jua linapenya na kuangukia gogo. Hukaa hapo wakiwa wametulia, kichwa wakikigeuza kufuata kila kinachopita, kisha huchomoka ghafla, hukamata hewani, na hurudi kutua palepale au karibu yake. Tabia hiyo ya kurudi ndiyo humpa mkusanyaji nafasi: ukimkosa mara ya kwanza, usimfukuze, bali simama ulipo na wavu ukiwa chini.

Fundi mbao mmoja wa karibu na Najjembe, mzee ambaye karakana yake imepakana na msitu, alitupatia uchunguzi ambao tumeuingiza katika maelezo ya ufunguo. Alimwonyesha kijana wetu mdudu mweusi aliyekuwa kwenye nguzo ya banda lake, akasema, "Mwalimu, huyu mnamwita nyuki, lakini mimi sijapata kumwona kwenye ua la pasheni hata siku moja. Wale wengine nawaona kule kila asubuhi. Huyu kazi yake ni kukaa hapa akiwaangalia." Tukamwomba, "Mzee, turuhusu tukae nawe hapa tumtazame." Akatuletea benchi.

Alikuwa Hyperechia, naye alikaa kwenye nguzo ile muda mrefu wa kutosha kuonyesha karibu kila alama tunayoihitaji. Miguu yake ya nyuma ilikuwa na nywele nyeusi zilizosongamana kama brashi, na ilikuwa imepanuliwa pande zote, ambapo nyuki aliyetua karibu na tundu lake aliikunja chini ya mwili. Kila mguu uliishia kwa kucha mbili zenye vitakia viwili kati yake. Kipapasio kilikuwa kinene na kifupi, kimeishia butu, bila uzi wowote nchani. Mdomo ulitokeza mbele chini ya ndevu, mweusi na ung'aao. Hapo nyuki jike wa Xylocopa nigrita, mweusi mwenye nywele nyeupe ubavuni, alipotoka tundu la jirani, nzi aligeuza kichwa chote kumfuata, lakini hakuondoka.

Alichokisema mzee kina uzito wa kisayansi. Nyuki wa Xylocopa huishi kwa nekta na chavua, kwa hiyo lazima aende kwenye maua. Nzi-jambazi hula wadudu tu, na haendi kwenye ua isipokuwa kuvizia. Mdudu anayefanana na nyuki mkubwa mweusi, ambaye siku nzima hukaa kwenye mbao na hayumo mauani, anastahili kutazamwa utosi.

Tumetega pia mitego ya hema ya aina ya Malaise kwenye njia mbili za ndani ya msitu. Inanasa nzi wengi wadogo, lakini Laphriinae wakubwa ni wachache ndani yake, na nadhani sababu ni kwamba wanaona vizuri mno na hawarukiruki ovyo. Wavu na subira bado ndiyo njia bora kwao.

Mei: sehemu ya kwanza ya ufunguo

Mvua imetuweka ndani, na muda huo tumeutumia kuandika sehemu inayowatenga Laphriinae na nusufamilia nyingine. Sehemu hii ndiyo moyo wa kazi, na ninaieleza hapa kwa kirefu ili wanaofuatilia mradi waipime kwa vielelezo vyao wenyewe.

Tunaanza na bawa. Nyuma tu ya ukingo wa mbele wa bawa, kuelekea ncha, kuna chumba kirefu chembamba kilichozungukwa na mishipa miwili. Katika nusufamilia kadhaa, kama Stenopogoninae, mishipa hiyo haikutani, na chumba hubaki wazi hadi ukingoni. Kwa Laphriinae walio wengi mshipa wa nyuma hupinda mbele na kuungana na mwenzake kabla ya kufika ukingoni, kisha mshipa mmoja tu ndio unaoendelea, na chumba huonekana kimefungwa na kuning'inia kwenye kikonyo. Alama hii huonekana kwa lenzi ya mkono, huonekana katika picha nzuri ya simu, na haifichwi na manyoya, kwa kuwa bawa halina manyoya ya kuificha. Ndiyo maana tumeiweka mwanzoni.

Hata hivyo chumba kilichofungwa hakiwahusu Laphriinae peke yao. Asilinae, ambao ndio nzi-jambazi wanaoonekana zaidi katika mashamba na nyika za Uganda, nao wanacho, na Ommatiinae vilevile. Hapo ndipo kipapasio kinapoamua. Cha Asilinae huishia kwa uzi mrefu mwembamba mithili ya unywele mgumu. Cha Ommatiinae huishia kwa uzi wenye vinywele vilivyopangika ubavuni kama unyoya. Cha Laphriinae hakina uzi wa namna hiyo: sehemu ya tatu ni nene, aghalabu imevimba, na nchani pana kishimo kidogo chenye kimwiba, au kipande kifupi sana kisichofikia hata nusu ya urefu wa sehemu inayokibeba. Mtu akiwa na Promachus mkononi, ambaye ni Asilinae mkubwa, mwenye nguvu na manyoya ya kutosha kumshawishi kwamba ni Laphriinae, uzi wa kipapasio utamrudisha njiani mara moja.

Alama ya tatu ni palpi, vile viungo viwili vidogo vilivyo pembeni mwa shina la mdomo. Laphriinae wana palpi za pingili mbili. Asilinae na Ommatiinae wana pingili moja. Ni alama madhubuti, lakini palpi huzama ndani ya manyoya na ndevu, na bila kuyapenua kwa brashi iliyochovywa alkoholi hazionekani. Kwa sababu hiyo tumeifanya kuwa alama ya kuthibitisha na si ya kuanzia.

Nusufamilia nyingine mbili zinatengwa kwa wepesi. Dasypogoninae wana mwiba uliopinda mwishoni mwa muundi wa mguu wa mbele, ambao Laphriinae kwa kawaida hawana. Leptogastrinae ni wembamba mno, tumbo lao ni refu kama la kereng'ende mdogo, huelea polepole kati ya majani ya nyasi, na nyayo zao hazina vile vitakia viwili nilivyovitaja kwa Hyperechia. Mwaka 1968 Charles Martin aliona tofauti hizo kuwa kubwa kiasi cha kuwapa familia yao wenyewe, ingawa sasa wamerudishwa kuwa nusufamilia. Hakuna atakayewachanganya na Laphriinae.

Kwa majike kuna alama ya ziada tunayoipenda. Katika nusufamilia nyingi zinazotaga udongoni au mchangani, ncha ya tumbo la jike ina duara la miiba mifupi ya kuchimbia. Majike wa Laphriinae tuliowachunguza hawana miiba hiyo. Hutaga katika nyufa za mbao na chini ya magome, ambako hakuna cha kuchimba. Alama za mwili na maisha ya mdudu zinapokubaliana namna hii, mwanafunzi hukumbuka kwa urahisi zaidi kuliko orodha.

Juni: nyika ya Nakasongola

Mtu anayewajua Laphriinae kwa msitu tu atashangaa akifika katika nchi ya ng'ombe. Huko tumekutana na Hoplistomerus, jenasi ya nyika inayokaa karibu na mavi mabichi ya ng'ombe na kuwakamata mbawakawa wanaokuja kuyala. Hana manyoya ya nyuki. Ana rangi ya udongo na kichwa kipana, na paja la mguu wa nyuma limevimba na kuwa na meno upande wa chini, ambayo huyaona hata bila lenzi ukimgeuza. Kwenye vichaka vya karibu tumepata pia Laxenecera, wadogo zaidi, wenye manyoya mepesi ya kijivu na ya manjano, wakikaa kwenye ncha za vijiti vikavu.

Hoplistomerus ni mfano mzuri wa kwa nini hatukuanza ufunguo kwa manyoya. Angeachwa nje tangu hatua ya kwanza. Kwa bawa na kipapasio anaingia moja kwa moja.

Wafugaji wa hapa wanamfahamu mdudu huyu kwa kumwona, na mmoja wao aliuliza kama anauma ng'ombe. Hapana. Nzi-jambazi hawanyonyi damu ya mnyama wala ya mtu. Akishikwa vibaya mkononi anaweza kudunga kujitetea, na mdungo wake unauma, kwa hiyo tunawashika kwa kubana mabawa yote mawili juu ya mgongo.

Julai: majaribio ya ufunguo na wanafunzi

Wanafunzi wa kujitolea wameujaribu ufunguo kwa vielelezo vilivyochanganywa: nzi-jambazi wa nusufamilia mbalimbali, nyuki, nyigu, na nzi wa familia nyingine. Hatua ya utosi na hatua ya bawa zimewaendea vizuri karibu wote. Kikwazo kilikuwa kipapasio, na si kwa sababu ya maneno tuliyoyatumia. Uzi wa kipapasio cha Asilinae hukatika kwa urahisi katika kielelezo kikavu, na kipapasio kilichokatika huonekana butu kama cha Laphriinae. Tumeongeza agizo kwamba vipapasio vyote viwili vitazamwe, na kwamba ikiwa ncha ina jeraha lililonyooka badala ya kishimo au kimwiba, mtumiaji aende kwenye palpi bila kuendelea kukisia.

Wanafunzi wenyewe wamependekeza mwongozo wa picha, nami nakubaliana nao kabisa. Picha nyingi za nzi-jambazi wa Uganda zinazowekwa kwenye intaneti zimepigwa kutoka juu, zinaonyesha mgongo na manyoya, na mdudu mzuri kabisa hubaki bila jina kwa sababu hakuna alama hata moja inayoonekana. Tunaomba picha tatu kwa kila mdudu: moja ya ubavu mzima, ambayo itaonyesha mdomo, ndevu na miguu; moja ya uso, kwa ajili ya utosi na vipapasio; na moja ya bawa likiwa limetandazwa mbele ya kitu cheupe, hata karatasi ya daftari. Mtu akiwa na nafasi ya picha moja tu, apige ubavu.

Picha ya ubavu imetusaidia kwa jambo la Laphria, jenasi iliyoipa nusufamilia jina. Mdomo wake umebanwa pande zote mbili hadi kuwa na kimo kikubwa kuliko upana, na umbo hilo halionekani hata kidogo kutoka juu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipiga picha kando ya gogo la musizi alimpata wa aina hiyo akiwa amekamata mbawakawa. Ilikuwa picha ya kufundishia: mdomo wa nzi ulikuwa umeingia kwenye tumbo laini la mbawakawa, chini ya mabawa magumu yaliyokuwa bado yamefunguka nusu. Mbawakawa anaporuka hulazimika kuyainua mabawa magumu yanayoufunika mgongo wake, na kwa muda huo sehemu pekee isiyo na ngao huwa wazi. Nzi humdunga hapo angani, humwingizia mate yenye sumu ya mishipa ya fahamu na vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya ndani, kisha hutua na kunyonya. Kinachobaki ni ganda tupu.

Agosti: mabuu ndani ya mbao

Ufunguo wetu ni wa wadudu wakomavu, lakini maisha ya mabuu yanaeleza kwa nini Laphriinae hupatikana pale wanapopatikana. Mabuu wao huishi ndani ya mbao zinazooza na kuwinda mabuu ya mbawakawa watoboa miti. Mabuu wa Hyperechia wamekwenda mbali zaidi: huishi katika mahandaki ya nyuki wa Xylocopa na kula mabuu na mabundo yao, yaani hatua iliyo kati ya buu na mdudu mkomavu. Edward Poulton wa Oxford alichapisha makala kuhusu uhusiano huo mwaka 1924. Inafaa kukumbuka hapa kwamba aliyemrithi katika kiti chake cha uprofesa mwaka 1933, Hale Carpenter, alikuwa daktari aliyefanya kazi Uganda tangu 1910, akichunguza mbung'o katika visiwa vya Ziwa Victoria na kukusanya wadudu wanaoigana. Sayansi ya uigaji wa wadudu ina deni kwa nchi hii.

Yule mzee wa Najjembe ametupa vipande vya nguzo kuukuu vyenye mahandaki ya nyuki. Tumevifungia ndani ya visanduku vya chandarua, kila kipande na lebo yake, tukingoja kitakachotoka. Hatuvipasui, kwa kuwa kupasua huua bundo, na bundo lililokufa halitupi mdudu mkomavu wa kulinganisha. Ganda tupu la bundo tutalihifadhi kwenye pini moja na nzi aliyetoka ndani yake.

Kuhusu msitu wenyewe, jambo moja linanisumbua na nitalisema wazi. Magogo yaliyooza huonekana kama taka, na kila ukingo wa msitu unaosafishwa magogo yake kwa ajili ya kuni hupoteza Laphriinae kwa vizazi kadhaa, kwa kuwa buu huhitaji gogo hilo kwa muda mrefu kabla hajakomaa. Mwindaji wa mabuu ya watoboa miti ni rafiki wa mwenye miti. Katika maelezo ya ufunguo tumeweka ukurasa unaowaomba wasimamizi wa misitu waache baadhi ya magogo makubwa mahali penye jua.

Wafugaji nyuki wameuliza swali la haki: je, nzi hawa wanamaliza nyuki wa mizinga? Nzi-jambazi kadhaa hukamata nyuki wa asali, na mfugaji atamwona mmoja au wawili kwenye uzio karibu na mizinga. Lakini ni wawindaji wa chochote kinachopita chenye ukubwa unaofaa, na mzinga wenye afya una nyuki maelfu kwa maelfu. Sishauri mtu yeyote kupulizia dawa kwa sababu yao, kwani dawa hiyo itaua nyuki wengi kuliko nzi atakavyoweza kula maisha yake yote.

Septemba: hali ya kazi

Sehemu ya kutenga nusufamilia imekamilika na inaweza kutumiwa. Sehemu ya jenasi iko tayari kwa Hyperechia, Laphria, Hoplistomerus na Laxenecera. Hatutaandika ufunguo wa spishi kwa sasa. Vielelezo vya msingi ambavyo majina ya spishi za Afrika yamefungwa kwavyo viko kwa wingi katika makumbusho ya Ulaya, hasa London na Tervuren, na kazi za msingi kama ile ya Harold Oldroyd ya mwaka 1970 kuhusu nzi-jambazi wa Bonde la Kongo ziliandikwa kwa kuvitazama hivyo. Kutoa jina la spishi kwa kulinganisha picha, bila kulinganisha na kielelezo cha msingi au na maelezo yake kamili, ni kuongeza majina yasiyoaminika kwenye rekodi za nchi. Ni afadhali lebo iandike "Hyperechia" pekee na ibaki ya kweli. Kwa ngazi ya jenasi tunaufuata ufunguo wa Jason Londt na Torsten Dikow wa mwaka 2017, unaohusu Afrika yote ya kusini mwa Sahara, na kila hatua yetu inalinganishwa nao kabla ya kukubaliwa.

Mvua za pili zimeanza. Timu itagawanyika: wengine watabaki Mabira kufuatilia visanduku vya nguzo, na wengine watakwenda Budongo, ambako magogo makubwa ya mahogani yaliyoanguka yenyewe yanapatikana, na baadaye Kibale, katika kituo cha Kanyawara, chenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Tunahitaji hasa majike wa Laphria walionaswa wakitaga, madume wa Hyperechia walio na sehemu za mwisho wa tumbo zisizoharibika, na kielelezo chochote cha Laphriinae kutoka kaskazini na magharibi ya Mto Nile, upande wa Gulu na Arua, ambako hadi sasa hatuna hata kimoja. Anayempata amweke kwenye alkoholi au amchome pini upande wa kulia wa mstari wa katikati ya kifua, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa uchunguzi, na aandike kwenye lebo mahali, mwinuko, tarehe, jina la mkusanyaji, na kitu ambacho mdudu alikuwa amekalia.